Safu ya Pili ya Mzee Muhidin Faraji

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea nakuomba jambo moja. Maneno haya yote yabaki kwako hadi Ijumaa, tarehe 20 Desemba 1996, saa tisa alasiri, tutakapokutana ukumbini kwa sherehe ya kumuaga Mzee wetu. Usimsomee mtu wa nje, usiyaache juu ya meza, na zaidi ya yote usimwonyeshe Mzee Muhidin mwenyewe. Aliposikia kwamba mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wake, alikubali kwa sharti moja: kuna jambo nisiliguse. Nimeligusa. Liko karibu na mwisho, na utakapolifikia utaelewa kwa nini naomba hivi.

Mzee Muhidin Faraji anastaafu tarehe 31 Desemba 1996, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, baada ya kuitumikia Ofisi ya Takwimu za Shule hapa Kisumu kwa miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Kaloleni, mtoto wa fundi cherehani, akaajiriwa mwaka 1963 kama tarishi wa baiskeli. Baiskeli hiyo anayo hadi leo. Waliokuwapo wakati huo wanasema alikuwa akisoma barua za wazi njiani, si kwa udaku, bali kwa kuzisahihisha hesabu. Mara mbili alifikisha barua pamoja na karatasi ndogo inayoonyesha mahali jumla ilipokosewa. Mara ya tatu wakubwa waliona ni heri wamkalishe mezani. Mwaka 1968 akawa karani, na mwaka 1979 akawa karani mkuu wa matokeo.

Mjini watu humjua kwa jedwali. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapofika kutoka Nairobi, yeye ndiye huyageuza kuwa karatasi moja inayobandikwa kwenye ubao wa langoni: jina la shule, idadi ya watahiniwa, wastani wa alama. Kufikia saa nne asubuhi lango huwa limejaa. Walimu wakuu hujifanya walikuwa wakipita tu.

Bwana Manubhai, mwenye duka la vitabu, hufika siku moja kabla na sambusa moto, akitaka kujua ni shule gani itang'ara ili aagize vitabu mapema. Mzee amezila sambusa hizo miaka kumi na minne bila kutoa hata jina moja la shule.

"Bwana Muhidin, wewe ni mtu wa hasara kwangu," Manubhai alilalamika mwaka mmoja.

"Hasara iko wapi? Kesho utasoma bure kama wengine," Mzee alimjibu. "Na hizi za leo chumvi imezidi kidogo."

Hakuna jedwali lililoondoka mezani kwake bila watu wawili kusomeana. Mmoja husoma kwa sauti kutoka karatasi za Nairobi, mwingine huweka rula chini ya mstari na kutia alama ya vema. Kisha hubadilishana, na mara ya pili huanzia shule ya mwisho kupanda juu. Mzee husema jicho likishuka huteleza, likipanda hupumua kila ngazi. Kazi hii huchosha, na makarani vijana huinung'unikia. Naomba msomaji aikumbuke.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote ni safu ya pili.

Machi 1990 yalifika matokeo ya kwanza ya mtihani mpya wa kidato cha nne. Shule tatu za pembezoni mwa mji wetu zilisomwa pamoja, maana ni majirani na zinagombea watoto walewale. Sekondari ya Kosule, upande wa Mamboleo, ilipata wastani wa alama sita kati ya kumi na mbili. Sekondari ya Kanyadet, upande wa Otonglo, ilipata tano nukta nne. Sekondari ya Nyakech, kule Dunga, ilipata nne nukta nane, nayo ikachekwa. Wazazi walisimama pale langoni wakiamua hapohapo ni nani atamhamisha mtoto wake.

Mzee aliwatazama kwa dirisha. Alipomaliza chai yake alishuka stoo, akafungua majalada ya 1985, na kwa siku tisa akatafuta alama ambazo kila mmoja wa watoto hao alikuja nazo kutoka darasa la nane. Ikaonekana kwamba Kosule ilichukua watoto waliopata karibu mia nne na themanini kati ya mia saba, Kanyadet mia nne na thelathini, na Nyakech mia tatu na hamsini. Nyakech walipokea watoto ambao wengine waliwakataa, na miaka minne baadaye walikuwa nyuma ya Kosule kwa alama moja tu na kidogo. Mzee alichora safu ya pili kwenye jedwali, akaiita "Walipoanzia", akaibandika.

Mkaguzi mmoja alimuuliza nani alimwomba safu hiyo. Mzee alimwambia, "Ukitaka kupima watu urefu, kwanza angalia nani amesimama juu ya kiti." Mwaka uliofuata safu hiyo ilitakiwa kwa maandishi kutoka juu, kana kwamba huko ndiko ilikozaliwa.

Aliyeishika safu hiyo kwa mikono miwili ni Mama Selpha Adero, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na mwenyekiti wa wazazi wa Nyakech. Alikata nakala yake, akaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la biashara, na kila mnunuzi mwenye mtoto alisomewa. Nyakech ilianza kupata watoto kidogo kidogo. Wazazi wakaanza kuchanga kwa ajili ya maabara, na msingi ukachimbwa.

Sasa nafika kwenye jambo nililokatazwa.

Novemba 1995 magugu maji yaliifunga ghuba asubuhi ya mtihani. Watahiniwa tisa wa Nyakech, wanaoishi ng'ambo ya ghuba, walifika karatasi ikiwa imeshakusanywa. Kwa hiyo Februari 1996 matokeo yalipokuja, kati ya watahiniwa thelathini na mmoja walioandikishwa, tisa walikuwa na alama ya X, yaani hawakukamilisha mtihani na hawana alama za kuhesabiwa. Utaratibu wetu ni kuwaacha nje ya wastani na kugawanya kwa waliobaki.

Matokeo hayo yalifika wiki ya Idi, Mzee akiwa nyumbani. Jedwali lilitakiwa kabla ya Ijumaa. Karani aliyeachiwa kazi alikuwa mgeni, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, na alikuwa na hofu kubwa ya kuchelewa. Alijumlisha alama za Nyakech, akapata mia moja na kumi na mbili. Akagawanya kwa thelathini na mmoja, kwa sababu safu ya walioandikishwa ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye karatasi. Ikatoka tatu nukta sita. Hakusomeana na mtu. Mzee aliporudi Alhamisi jioni na kuuliza, "Mmesomeana?" karani aliitikia kwamba ndiyo, na Mzee akatia sahihi.

Karani huyo ni mimi.

Jedwali lilikaa langoni siku sita. Katika siku hizo sita, kati ya watoto arobaini na mmoja walioitwa kidato cha kwanza Nyakech, waliobaki ni kumi na saba. Wachangaji wa maabara waliacha kuchanga. Kulikuwa na mazungumzo ya kuwagawa wanafunzi kwa majirani na kuifunga shule.

Mzee alikuwa na likizo yake ya siku tatu baada ya kutia sahihi, na aliporudi alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akaniita, akaniomba nimsomee Nyakech, kuanzia mtahiniwa wa mwisho kupanda juu. Nilipofika X ya tatu niliiweka karatasi mezani. Akachukua kalamu akagawanya kwa ishirini na wawili. Ikatoka tano nukta sifuri tisa. Kanyadet mwaka huo walikuwa na nne nukta tisa tano. Ule ndio mwaka wa kwanza Nyakech kumpita jirani yake, na mimi nilikuwa nimewaweka mkiani.

Mzee aliweka kidole chini ya jedwali, akasema, "Agneta, sahihi ya nani iko hapo chini?"

"Yako, Mzee. Lakini mimi ndiye niliyesema tumesomeana."

"Nimesikia. Lakini nimeuliza sahihi."

Jumamosi alinichukua hadi Dunga kwenye mkutano wa wazazi. Mama Adero alikuwa ameshasimama.

"Hiyo karatasi yenu imetumaliza," alisema. "Mtoto yangu amefika hapo juu kwa stendi, watoto ya Mamboleo wanamwambia eti anasoma kwa shule ya samaki. Na wewe Mzee, si ni wewe ulituambia tuangalie kwanza nani yuko juu ya kiti? Sasa nani ametupiga teke?"

"Mimi," Mzee alisema. "Jedwali ni langu na kosa ni langu. Niliwahesabu watoto tisa waliozuiwa na magugu kama watu waliopata sifuri. Hesabu ya kweli ni hii." Akaisoma.

Mama Adero aliichukua karatasi, akaiangalia mbele na nyuma. "Kwa hivyo tumewapita Kanyadet."

"Mmewapita."

"Na unakuja kutuambia sisi? Sisi tunajua watoto wetu, Mzee. Enda usome huko kwao, na usome kwa sauti."

Ndivyo alivyofanya. Siku ya soko alisukuma baiskeli hadi Otonglo, mimi nikibeba gundi na rula, akabandika jedwali sahihi kwenye ukuta wa kinu cha posho, akalisoma mstari kwa mstari. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na debe alidhani anauza dawa ya mitishamba.

"Mzee, hiyo inaponya nini?"

"Kosa, mama. Kosa langu."

"Basi sema tena, nimwite bwana yangu asikie."

Kesho yake tulikwenda Mamboleo. Pale pia alisema "langu". Pale pia nilisimama kando nimeshika gundi, nikanyamaza. Kufikia mwezi wa nne, kidato cha kwanza cha Nyakech kilikuwa na watoto thelathini na wanane, na kuta za maabara leo zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Wale tisa Mzee aliwaandikia barua moja moja. Saba walirudi, na mwezi uliopita walilala darasani upande huu wa ghuba siku zote za mtihani, wakipikiwa na Mama Adero, ili magugu yasiwakute tena.

Kwa kosa lile Mzee alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu. Nilimfuata nikitaka kwenda kusema ukweli kwa Afisa wetu, mkuu wa ofisi. Akanizuia. "Wewe majaribio yako hayajaisha, mimi nimebakisha miezi tisa. Barua moja itanizeesha zaidi ya hapa?" Akacheka, na mimi, kwa aibu yangu, nilifarijika.

Nisingeyaandika haya kama barua hiyo ingekuwa karatasi tu. Kamati ya sherehe imeambiwa kwamba cheti cha utumishi mwema hakitolewi kwa aliyeonywa katika mwaka wake wa mwisho. Ndiyo maana katika ratiba ya Ijumaa, nilipoichapa, nafasi ya saba, ya kukabidhi cheti, imebaki tupu. Siwezi kumwacha mtu aliyetuonyesha watoto wanakoanzia aondoke akiwa amehesabiwa kwa X yangu.

Jumatatu nilimpelekea Afisa nakala ya kwanza ya wasifu huu pamoja na barua yangu, nikiomba onyo lile litolewe kwenye faili la Mzee Muhidin litiwe kwenye langu. Barua ya kuthibitishwa kwangu kazini inatarajiwa Januari, na najua ninachokiomba. Hadi ninapochapa ukurasa huu sijajibiwa. Ila leo asubuhi Afisa alipita dawatini pangu akauliza cheti huchukua muda gani kuandikwa kwa mkono. Nikamwambia siku moja. Akasema vizuri, akaendelea na safari yake.

Mzee Muhidin, utakapousoma huu utakuwa umeshakasirika, na unayo haki. Kwa niaba ya wenzako wote tunakushukuru kwa rula yako, kwa sauti yako, na kwa kutukataza kupima mtu bila kuuliza alianzia wapi. Mungu akupe afya, wajukuu wa kukusomea kutoka chini kwenda juu, na sambusa zenye chumvi ya kiasi. Uende salama, na uishi kwa raha.

Na kwa msomaji: mwenye neno kuhusu jedwali lile asimfuate Mzee nyumbani Kaloleni. Mimi napatikana chumba namba tisa, ghorofa ya kwanza, dawati la dirishani, kuanzia saa mbili kamili asubuhi. Ukinikosa, acha barua kwa bawabu wa langoni, juu ya bahasha uandike "Agneta Kageha, matokeo". Kama kufikia Januari dawati hilo litakuwa na mtu mwingine, bawabu atajua niliko. Na kama nitakuwa bado pale, basi Februari matokeo ya wale saba yatafika mezani kwangu, na nitahitaji mtu wa kusomeana naye. Yeyote mwenye nusu saa aje na rula. Mlango hausukumwi, unavutwa.