Fundi Toleutai na Chupa Iliyolia Dohanini

Ndugu, jamaa na majirani mliosimama kwenye baridi hii, mliotoka ng'ambo ya ziwa na mliotoka mjini, kwa niaba ya familia ya marehemu Toleutai Rakhymzhanov nawaomba masikio yenu kwa dakika chache, niwasomee maisha yake kama yalivyoandikwa na mabinti zake wawili, Aiganym, ambaye ni mke wangu, na Nursulu, pamoja na mistari niliyoiongeza mimi Ashirbek, mkwe wake, pale nilipoona wamemsitiri kupita kiasi. Kazi hii alinikabidhi mwenyewe mwezi wa Desemba, akaniambia, "Soma wewe, mabinti watalia, na ile habari ya chupa usiiruke, maana ukiiruka watu watanong'onezana makaburini badala ya kuniombea." Basi sitairuka.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Machi 1950, hapa hapa Tasbulak, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Rakhymzhan, mchunga farasi, na mama Bibish. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1957 hadi 1965, ambako mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu hutazama jiko la darasa zaidi kuliko ubao, kisha akajiunga na chuo cha uashi mjini Semey hadi mwaka 1967, na kuanzia 1968 hadi 1970 alitumikia jeshi mahali ambapo, kwa maneno yake, palikuwa na baridi nyingi na majiko mabovu. Aliporudi alijifunza kwa mzee Gottlieb, yule Mjerumani aliyeishi mwisho wa mtaa wetu, aliyemfundisha kujenga jiko la matofali linalopika na kupasha nyumba nzima joto, kuligonga kwa kinyundo na kusikia kama ni zima, na pia, samahani mzee Gottlieb huko uliko, namna ya kumkomesha mwenye nyumba asiyemjali fundi, yaani kuficha shingo ya chupa ndani ya dohani ili upepo ukivuma bomba lilie.

Alifanya kazi katika kikosi cha ujenzi cha shamba la serikali kuanzia mwaka 1971 hadi 1992, na baada ya hapo akajitegemea hadi mwaka 2021, akajenga majiko mia mbili na kumi na manne katika vijiji sita. Tarehe 12 Oktoba 1974 alimwoa mama yetu Zeinep, aliyemfahamu alipokwenda kujenga jiko kwao, kazi ya siku nne aliyoifanya siku kumi na moja, hadi baba wa binti akauliza kama wanajengewa jiko au msikiti. Walijaliwa Aiganym mwaka 1981 na Nursulu mwaka 1985, na wajukuu wanne, na mama Zeinep alitutangulia tarehe 2 Mei 2015, naye marehemu hakuhamisha viatu vya mkewe mlangoni hata siku moja hadi ule moto wa mwaka 2018.

Sasa chupa. Mwezi wa Septemba 1979 marehemu alijenga jiko nyumbani kwetu, wakati mama yangu Kulziya, aliyesimama pale na shali ya kijivu, alikuwa bibi harusi wa wiki tatu, na ninyi mnajua bibi harusi wetu hainui macho mbele ya wakubwa, kwa hiyo siku ya kumpa fundi chakula aliwatambua wageni kwa viatu vyao tu. Dereva wa gari la farasi aliyeleta matofali alikuwa amevaa buti zilizong'arishwa, fundi alikuwa na mabuti ya mpira yaliyojaa udongo, na mama akamwekea dereva mfupa wa nyonga, mfupa wa heshima, na wa shingo akamwekea fundi. Dereva alikula bila aibu, fundi akaitafuna shingo yake, na jioni ile akapanda juu ya paa kumalizia dohani na shingo ya chupa mfukoni.

Alikusudia iwe utani wa wiki moja, bomba lilie, aitwe, alishwe vizuri, aitoe, wacheke. Lakini babu yangu, mzee Omirzak, alifariki ghafla tarehe 9 Oktoba kabla upepo haujavuma, na siku ya saba, katikati ya dua, nyumba imejaa watu, upepo ukaja kutoka msituni na dohani ikalia kama mtu. Watu wote walisimama. Mwenye kuongoza dua akasema mzee anaomba akumbukwe, mama yangu akaenda jikoni akilia, akakaanga shelpek saba, ile mikate myembamba inayokaangwa kuwakumbuka wafu, akaigawa kwa majirani, na marehemu Toleutai, aliyekuwa amekuja na ngazi begani kuitoa chupa siku hiyo hiyo, akageuka na ngazi yake akarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo mama yangu alikaanga shelpek saba kila Ijumaa kwa ajili ya baba mkwe wake, na kwa kuwa nyumba ya Toleutai ilikuwa ya jirani, moja ilikwenda kwake, kila Ijumaa, kwa miaka thelathini na tisa. Mimi nimekulia chini ya sauti ile, nikiisikia nilikuwa nakaa vizuri na kunyoosha shati, na nilipomwoa Aiganym tarehe 14 Agosti 2004 upepo ulivuma, dohani ikalia, mama akasema babu amekubali, na baba mkwe wangu akapaliwa na chai hadi tukampiga mgongoni.

Siku ya Jumatatu, tarehe 11 Juni 2018, saa nane mchana, moto wa msitu wa misonobari ulikifikia kijiji chetu. Sitauelezea, mliokuwepo mnajua na msiokuwepo mtalala vizuri zaidi bila kujua, nasema tu kwamba Mungu alitusitiri, sote tulifika ziwani tukiwa hai, na tuliporudi kesho yake, nyumba arobaini na moja kati ya hamsini na nane hazikuwepo, yakiwa yamesimama majiko peke yake na dohani zake, safu kwa safu, na mtu aliweza kutaja majina ya wenyewe kwa kutazama majiko. Watu walikaa chini na kulia, mimi nikiwa mmoja wao. Marehemu, ambaye nyumba yake nayo ilikuwa majivu, alitoa kinyundo mfukoni akaanza kugonga jiko moja baada ya jingine, sikio limebandikwa kwenye matofali, akisema, "Hili zima. Hili zima. Hili lina ufa, nalirekebisha kwa siku mbili. Hili zima."

Wakubwa kutoka wilayani walikuja kwa nia njema, wakapanga familia zikae vyumba vya mjini hadi kiangazi kifuatacho, na tingatinga lisafishe mabaki. Kila mtu hapa alijua kwamba familia ikikaa mjini baridi nzima, watoto wakazoea shule za huko, hairudi tena, na Tasbulak ingebaki jina kwenye ramani. Marehemu alisimama mbele ya tingatinga na mikono nyuma, akamwambia dereva, "Ukitaka kubomoa jiko langu, kwanza jenga lako nione kama litavuta moshi." Kisha akawageukia wakubwa, akasema jiko ndiyo kazi ngumu ya nyumba na imekwisha fanyika, zilizobaki ni kuta, na theluji huanguka katikati ya Oktoba, kwa hiyo wampe mbao na miezi minne.

Hapo ndipo watu walipokuja. Hatukutangaza msaragambo, asar yetu, ulijitangaza wenyewe. Watu wa Karaoi, tuliogombana nao kwa miaka ishirini juu ya nyasi za mifugo, walivuka ziwa na yurta kumi na moja, mahema yetu ya sufu, za kulala wasio na nyumba, wakatandika nyasi chini na kusema, "Mlikuwa mnasema nyasi zetu mbovu, haya, lalieni tuone." Warusi wa Mikhailovka walileta msumeno wao mkubwa na mapipa ya kabichi iliyochachuka, wanafunzi wa Semey walikuja na mabasi mawili wakapigilia misumari ikapinda, tukainyoosha na kuwashukuru, na kina mama wa vijiji vitatu walipokezana kupika, hata nikanenepa mwaka ule niliopoteza nyumba. Kanuni ilikuwa moja tu, kwamba hakuna ukuta unaosimama hadi fundi awashe jiko na kusema "zima", kwa sababu jiko lenye kasoro huua familia kwa moshi wakiwa wamelala. Neno lake peke yake ndilo lililoaminiwa, na watu walilala nalo.

Alipitisha majiko arobaini. La mama yangu alisema kesho, na kesho yake akasema kesho, hadi Septemba ikaanza kwisha, mbao zimepangwa, mama amekaa ndani ya yurta akishonea mapazia nyumba ambayo haikuwepo. Baadaye aliniambia alikuwa akiogopa, kwa kuwa moto wa msitu ulikuwa umeyeyusha kioo ndani ya dohani na kuziba njia ya moshi, lazima kitolewe mbele ya mafundi wote, na watu wakijua alificha kitu katika jiko moja kwa miaka thelathini na tisa, nani angelala tena kando ya yale arobaini, na wakikataa kulala, kijiji kimekwisha.

Ijumaa tarehe 21 Septemba 2018 aliwasha, moshi ukarudi ndani, watu themanini wakitazama. Akapanda ngazi, akavunja matofali ya juu, akashuka na kipande cha kioo cha kijani, akavua kofia.

"Kulziya," akasema, "baba mkwe wako hakulia hata siku moja. Nilikuwa mimi."

Mama alikishika kile kioo akakigeuza. "Yaani miaka yote hiyo nimekaangia chupa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unakula?"

"Kila Ijumaa."

"Kwa kosa gani?"

"Ulinipa shingo. Dereva ukampa nyonga."

"Si ungesema, wewe mzee!"

"Mtu anaombaje nyonga, Kulziya?"

Mtu mmoja wa nyuma, Seitkali, ambaye jiko lake lilikuwa la saba kupitishwa, akapaza sauti, "Fundi, na mimi je, kwangu uliweka nini?" Marehemu akajibu, "Lala usingizi, kwako nilipewa nyonga." Mama yangu ndiye aliyeanza kucheka, akakalia mbao, akacheka hadi akalia, akampiga marehemu kwa upawa mara mbili, watu themanini nao wakaangua kicheko, na baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyetilia shaka jiko lake, kwa sababu mtu aliyejianika namna ile hana kingine cha kuficha. Jioni ile kondoo alichinjwa, marehemu akawekewa nyonga mbele ya vijiji vitatu, naye akaikata vipande akagawia meza nzima.

Alipotaka kuijenga upya dohani, mama alimletea chupa ya limonadi. "Irudishe," akamwambia. "Kuta mpya, madirisha mapya, sitaweza kukaa kwenye nyumba iliyonyamaza hivyo. Na dua alizoombewa mzee zilifika, chupa au si chupa." Marehemu akaipima mara tatu isizuie moshi, akaiweka. Nyumba ya arobaini na moja iliezekwa tarehe 19 Oktoba, theluji ikaanguka tarehe 21, na jioni ile dohani zote za Tasbulak zilitoa moshi.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Novemba 2022, akatibiwa mjini Semey, akarudi nyumbani kwa hiari yake ili alale karibu na jiko lake, na alifariki siku ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokuwa akikosoa joto la wodi, mafundi wenzake waliobeba kinyundo chake leo, watu wa Karaoi na Mikhailovka waliofika kabla hatujawaita, na majirani ambao, ardhi ilipogoma kuchimbika kwa baridi, waliwasha magogo ya misonobari juu yake tangu jana hadi ikalainika, ukawa moto wa kwanza wa msonobari nilioutazama bila woga tangu mwaka ule. Nawauliza kama desturi yetu inavyotaka, alikuwa mtu wa namna gani? Nimewasikia, mtu mwema. Ahsanteni.

Baba mkwe, mwezi uliopita ulimuuliza mama kama na wewe utakaangiwa, naye akakujibu kwamba umekwisha kula shelpek za marehemu mwingine kwa miaka thelathini na tisa, zinakutosha. Alikudanganya. Nimetoka jikoni sasa hivi, unga umekandwa, kesho ni Ijumaa, na upepo umeanza kutoka upande wa msitu. Pumzika salama, Fundi, na safari hii ule zilizo zako.