Kata Saba za Papa Gustave

Ndugu waombolezaji, familia imemwomba Aloys, mdogo wa marehemu, asome maneno haya, yaliyoandikwa na Gracieuse, binti wa marehemu, ambaye amehakiki kila tarehe lakini hawezi kuyasoma mwenyewe.

Papa Gustave Mulongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie, mtoto wa tatu wa Mzee Dominiki, mfanyakazi wa reli, na Mama Sesilia. Alimaliza sekondari Lubumbashi mwaka 1968, akapata ufadhili wa kwenda Polandi mwaka 1970, akajifunza lugha mwaka mzima huko Łódź, kisha jiografia huko Lublin, na kwa ajili ya tasnifu yake akaizunguka kwa baiskeli wilaya nzima ya Lipowiec, mashamba ya viazi na misitu ya misonobari, akachora mipaka ya kata zake saba, kila kata na ofisi yake na kijiji chake cha mwisho. Tarehe 1 Juni 1975 serikali ya huko ilifuta wilaya zote, hata hivyo tasnifu ilikubaliwa mwaka uliofuata, naye akarudi nyumbani na shahada, pamoja na ramani ya wilaya iliyofutwa.

Alifundisha jiografia Kalemie hadi vita vya 1996, akafunga ndoa na Mama Marie-Claire tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa Gracieuse, 1978, na Prodige, 1981. Waliingia Durban tarehe 3 Februari 1997, na hapa alilinda magari karibu na ufuko, ambako wenzake walimwita Gavana, wakimuuliza kila asubuhi kama kule wilayani kwake iko mvua, naye akiwajibu kata kwa kata, mpaka wote wakacheka, yeye wa kwanza. Gracieuse hakucheka. Akiwa na wenzake wa chuo kikuu alivuka barabara ili asimsalimie.

Jumapili tarehe 11 Oktoba 1998, baada ya misa, Papa alieleza ukumbini kwamba amesikia redioni wilaya zitarudishwa Januari, akaikunjua ramani juu ya meza ya chai, na Gracieuse, aliyekuwa ametazama atlasi ya mwaka 1986, akasema mbele ya watu:

“Papa, acha. Hiyo wilaya haiko.”

“Iko,” alisema Papa, akaikunja ramani, akawaomba radhi waliokuwa wanaisubiri meza.

Wiki hiyo Papa alimpa binti yake barua ya kuposti, ya kuiuliza ofisi ya wilaya kama mpaka wa kata ya saba bado unafuata mto. Gracieuse aliona aibu kumpa karani wa posta anwani ile, akaificha barua ndani ya kamusi, na kila Ijumaa Papa alipouliza kama jibu limefika, alimwambia Polandi ni mbali.

Papa alilazwa Jumatatu tarehe 12 Aprili 1999 kwa ugonjwa wa moyo, akafariki Ijumaa tarehe 16, saa kumi jioni, baada ya kuuliza mara ya mwisho. Siku nne baadaye, akihakiki jina la Lipowiec kwa ajili ya historia hii, Gracieuse alikuta kwenye maktaba kwamba wilaya ilirudishwa tarehe 1 Januari, na kata zake ni saba. Barua ameiposti juzi, akiandika nyuma ya bahasha ni nani aliyeichelewesha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, parokia, na walinzi wenzake waliomsikiliza pale ambapo binti yake hakumsikiliza.

Iko, Papa. Pumzika kwa amani.