Maneno Yetu Nyuma ya Vitabu Arobaini na Kimoja

RISALA YA WASOMAJI WA CHUMBA CHA NYUMA KWA MGENI RASMI, MKURUGENZI WA MAKTABA

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi, mkutubi wetu, mkaguzi uliyefuatana na mgeni, majirani na wasomaji wenzetu, habari za mchana.

MAKARIBISHO

Sisi wasomaji wa Chumba cha Nyuma tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kufungua ukumbi mpya wa kompyuta kule mbele, na chumba chetu hakikuwamo kwenye ratiba. Ahsante kwa kukubali kupiga hatua kumi na nne zaidi. Kiti ulichokalia ndicho pekee kisichoyumba. Tulivijaribu vyote jana.

Tunaomba ruhusa ya kutega kitendawili, maana aliyeandika risala hii ni bibi aliyeishia darasa la saba, na bila kitendawili kalamu yake haitembei. Nyumba yangu ina watu arobaini na mmoja, wote wanaongea, na mtoto aliyelala haamki. Usihangaike kutupa mji, Mama. Jibu liko nyuma ya kiti chako, kwenye yale maboksi manne yaliyofungwa kamba. Ni vitabu vyetu.

HISTORIA

Chumba hiki kilikuwa stoo ya mafagio. Miaka kumi na moja iliyopita mkutubi aliweka rafu moja ya vitabu vya maisha ya watu. Wengine wamejiandikia wenyewe, wengine wameandikiwa. Yupo mpishi wa meli. Yupo daktari aliyezungukia wagonjwa kwa baiskeli mpaka akazeeka. Yupo bwana aliyepima milima sabini. Tulianza watu watatu: fundi saa, mke wake, na dereva mstaafu wa lori tunayemwita Breki, kwa sababu hasomi kurasa mbili bila kusimama na kuuliza swali. Leo tuko kumi na tisa, na tunakutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

Saa hiyo chumba hiki kina usingizi wake. Jua linaingia kwa dirisha lile dogo, linapanda rafu taratibu kama mtu anayetafuta jina lake. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunafumba macho. Hapo ndipo wanapoingia. Mpima milima anavua viatu mlangoni. Daktari anaegemeza baiskeli yake kwenye meza, na gurudumu la mbele linaendelea kuzunguka polepole. Hatuulizani nani ameona nini. Tunasogeza viti tu, wapate pa kukaa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, nyuma ya kila kitabu kulikuwa na karatasi ya tarehe za kuazima. Kompyuta ilipoletwa, karatasi zile zikabaki na mistari mitupu. Nasi tukaanza kuandika pale tulivyomwona mwenye kitabu. Mistari ilipojaa, tukabandika karatasi nyingine kwa gundi ya unga. Ndiyo maana vitabu vyetu vimenenepa upande mmoja.

Katika kitabu cha daktari, muuguzi wetu ameandika: "Anasema hakuwahi kuogopa. Nimekaa wodini miaka thelathini. Anadanganya, lakini nampenda." Chini yake fundi cherehani akaandika: "Hadanganyi, amesahau. Uoga ukipita unasahaulika kama uchungu wa uzazi." Muuguzi akarudi: "Wewe baba umezaa mara ngapi?"

Fundi saa alifariki mwaka juzi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nyumbani alijibu kwa nyusi. Baada ya msiba mkewe aliazima kitabu cha mwisho alichokisoma marehemu, kile cha mpima milima. Nyuma akaukuta mwandiko ule mdogo, wa mtu aliyezoea skrubu ndogo: "Milima sabini, na mkewe ametajwa mara mbili. Nani alikuwa anafua hizo soksi? Mimi ningeandika maisha yangu, wangu angekuwa kwenye kila ukurasa."

Mjane alikaa na kitabu hicho mapajani mpaka jua likapanda rafu nzima. Kisha akaandika chini yake: "Ungeniambia jikoni. Na soksi zako kila wiki zilikuja tatu, ya nne sijui uliipeleka wapi." Breki naye hakujizuia: "Jamani, hapa ni maktaba."

Tangu siku hiyo mjane huongeza mstari mmoja kila Jumamosi. Ndiye bibi aliyeandika risala hii, na ndiye aliyeshika karatasi hii mbele yako. Alitaka habari zake zifutwe, wenzake kumi na wanane wakakataa.

CHANGAMOTO

Mwezi uliopita mkaguzi alivifungua vitabu vyetu na kuvibandika alama nyekundu: Kimeharibika. Hatumlaumu. Kanuni inasema kitabu cha umma hakiandikwi, na sisi watu wazima na miwani yetu tuliandika, tena kwa kalamu ya wino. Tulidhani mistari mitupu inamngoja mtu. Tulikosea, na tunaomba radhi.

Jumatatu gari linakuja kuvichukua vikasagwe. Tumeahidiwa vipya, safi. Tunashukuru. Ila huyo mpima milima mpya atakuja peke yake. Hatakuwa na mtu wa kumuuliza habari za soksi.

Ipo changamoto nyingine. Kwenye boksi la tatu kilikuwamo kitabu chako, Mama, ulichoandika juu ya maisha yako. Tulibishana wiki mbili kama tukuambie.

"Tukimwonyesha, tumekwisha," alisema fundi cherehani.

"Amekuja kutusikiliza," alisema Breki, "sasa tumsomee kurasa za mbele tu?"

Breki alishinda. Maoni aliyoyaandika nyuma ya kitabu chako ni haya: "Ofisi nyingi, mikutano mingi. Mama yake, aliyemfundisha herufi kwenye unga uliomwagika mezani, amepewa nusu ukurasa. Mimi nilitaka kubaki pale mezani." Na chini yake, kwa mwandiko wa bibi: "Hata mimi. Nimeuota unga huo. Ulikuwa mweupe mpaka mlangoni, na mtoto anaandika kwa kidole, anaitwa akalale, hataki."

MAOMBI

Tunaomba kamba zikatwe, vitabu virudi kwenye rafu na unene wao. Tukikubaliwa, tutafungia daftari kwenye kila kitabu na kuandika humo tu.

Ikishindikana, tungeomba tubandue karatasi zetu tubaki nazo. Lakini mkutubi amejaribu moja, na gundi ya unga imeshika vibaya. Zinatoka vipande vipande.

Hilo nalo likishindikana, tunaomba kitabu kimoja tu, cha mpima milima, apewe mwenzetu aende nacho nyumbani. Ombi hili bibi hakuliandika. Tuliliongeza sisi kumi na wanane jana, alipokwenda kuchemsha chai, naye analisoma sasa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo sauti ikikwama hapa, mtuvumilie kidogo.

Kitendawili cha kumalizia, kwa idhini yako. Mume wangu nyumbani hanijibu, maktabani ananijibu. Hili jibu unalijua, Mama. Tunaomba tu lisipande gari Jumatatu.

Kitabu chako tumekitoa kwenye boksi, kipo mezani kwenye lile jua. Karatasi yake ya nyuma imebakiza mistari mitatu, na kalamu iko pembeni, ya wino. Tungependa kujua ni herufi gani ilikuwa ya kwanza, na unga ule nani aliufagia.

Mungu akujalie macho yasiyochoka, na nyumbani kwako asikosekane mtu wa kubishana nawe.

Ni sisi,
Wasomaji wa Chumba cha Nyuma.
Kumi na tisa leo. Ishirini, ukiijaza ile mistari.