Dawa Niliyoizidishia Maji

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu imepungua, na wewe Mahfoudh weka simu chini, kwa sababu haya nitayasema mara moja tu, na mtu niliyemkosea yumo humu humu chumbani. Yule aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango ni Msabah. Mmemwamkia, naye amekuitikieni, lakini hamumjui. Nimemwita mimi aje mjini kutoka Kizimbani. Asiinuke mtu mpaka nimalize, na nikikatika pumzi ningojeeni.

Mnajua kwamba kabla ya kufungua duka nlikuwa napiga dawa ya mbu majumbani, Kidichi, Kizimbani na vijiji vya huko. Hamjui nlivyoipiga. Mimi na Msabah tulikuwa kikosi kimoja, kila mmoja na bomba lake mgongoni, ila ufunguo wa ghala na kazi ya kuchanganya dawa nlikabidhiwa mimi. Mwaka wa kwanza watu walitoa vitanda nje, tukapiga kuta, na asubuhi yake wanawake wakafagia mbu sakafuni kama majani makavu ya chai. Mwaka wa pili nikaanza kutia dawa kidogo na maji mengi, na ile niliyoipunguza nikawauzia wakulima wa tungule bondeni, nao wakaimwaga karibu na mitaro ile ile mbu wanamotaga. Mbu wakaendelea kufa. Nikaridhika, kwa kuwa wengi walikufa.

Wale ambao hawakufa sikuwafikiria kabisa, mpaka mwezi uliopita, Ulfat, uliporudi kutoka kwenye maabara yenu ukatueleza, tunakula, kwamba mbu mia mliowafungia ndani ya chupa zilizopakwa dawa, zaidi ya nusu wamekutwa wazima siku ya pili. Nikakuuliza mbu amejifunza wapi. Ukaniambia mbu hajifunzi kama mtoto wa chuoni. Katika kila kizazi huzaliwa wachache wagumu kidogo kuliko wenzao, na dawa kamili huwaua hata hao, lakini dawa hafifu huua walio dhaifu tu na kuwaachia wagumu dimbwi zima, na hao ndio wanaotaga, na watoto wao hurithi ugumu wao, na baada ya masika machache dimbwi zima ni ukoo wao. Kisha ukasema neno ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie. Ulisema, "Baba, mtu angetaka kuwafuga mbu wasiokufa, asingefanya vingine."

Hukujua unamwambia nani.

Sasa sikilizeni la Msabah. Makopo ya dawa yalipokuja kukaguliwa hayakulingana na nyumba tulizopiga. Msimamizi akatuita wote wawili, akauliza ghala lilikuwa mkononi mwa nani, nami nikajibu kwamba wiki ile ufunguo nlimwachia Msabah. Sikumwachia hata siku moja. Yeye hakubisha. Alinitazama tu, akingoja niseme nimekosea, na mimi nikatazama viatu vyangu. Akafukuzwa siku ile ile, na jina la mwizi likamfuata mpaka kwao.

Msimu uliofuata zamu ya Kizimbani ikanifikia, na nyumba yake ikawamo kwenye orodha. Alitoa kitanda kwa mikono yake. Mkewe, Sichana, alikuwa na mimba ya miezi sita, akanitilia kahawa. Bomba langu lilikuwa maji yenye harufu ya dawa. Nlipomaliza Msabah aliniuliza kitu kimoja, "Umepiga vizuri, Bakar?" Nikamwambia vizuri. Masika yale Sichana akashikwa na malaria, mimba ikatoka, na hakupata nyingine.

Mahfoudh, kaa. Nimesema asiinuke mtu.

Ulfat atasema mbu wamebadilika na kwengineko, pengine wangebadilika hata nisingekuwapo, na hakuna awezaye kuapa ni mbu yupi aliyemng'ata Sichana. Ni kweli, wala mimi siwezi kuapa. Lakini msinifiche nyuma ya maneno hayo.

Basi fanyeni hivi. Sheria imenipa thuluthi ya mali yangu nimpe asiyenirithi, na thuluthi hiyo, katika shamba la Kidichi, upande wenye kisima, ni ya Msabah. Najua, Mahfoudh, nshasikia umezungumza na mtu wa kujenga nyumba za wageni pale. Rudi kamwambie upande ule haumo. Ijumaa ikifika nenda msikiti wa Kizimbani, ukitoka swala simama, useme kwa sauti kwamba Msabah hakuiba, aliyeiba ni baba yako, utaje na jina langu. Na wewe Ulfat, wenzako wanaandika kwamba dawa kamili ilishindwa. Waandikie kwamba kuna miaka haikuwa kamili, na nani aliipunguza. Utaona haya. Andika hivyo hivyo.

Nipe maji... basi, yanatosha.

Msabah, sikuombi unijibu. Nimekunyang'anya jina lako, na pengine zaidi ya jina, nami nakuomba radhi mbele ya watoto wangu. Ukitaka kuondoka, mlango u wazi. Wanangu, nyinyi niko radhi nanyi, Mungu akulindeni na njia fupi, akupeni kizazi kitakachokuwa bora kuliko mimi.

Anasema nini? Sijamsikia. Ulfat, anasema nini?

Chini? Sichana yuko chini, dukani? Amekuja naye... na hajui?

Msimwambie nyinyi. Mwacheni apande taratibu, ngazi zile ni kali. Mahfoudh, nitie mto mgongoni. Niinueni... niinueni nikae. Nitaanza upya.