Suruali Zilizomkaa Vizuri

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kumfuata, nisome habari za kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Pindo, na sauti ikikwama mnivumilie, mdomo wangu umezoea kushika pini kuliko maneno.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, mjomba akamfundisha cherehani, na mwaka 1983 akafungua chumba chake cha kushonea, chenye dirisha moja la barabarani na harufu ya pasi ya mkaa, mimi nikikaa cherehani ya pili, mgongo kwa mgongo, yeye akiimba besi za kwaya huku mguu ukikanyaga taratibu.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji, aliyekuja kuchukua gauni akakuta hata halijakatwa, akasema, "Nyie mafundi mnadanganya hata Mungu," naye akajibu, "Mungu hapana, wateja kidogo," wakajaliwa mabinti wawili na mvulana.

Mwaka 2021 alianza kuona damu chooni, akasema ni bawasiri, akanunua dawa ya kupaka. Kila suruali ilipolegea alinipa niipunguze kiuno, nami nikapunguza, nikimtania kwamba anarudi ujanani, kwa hiyo nguo zilimkaa vizuri siku zote na hakuna aliyeona anavyokonda, hata shemeji, na kwa hilo namwomba Mungu anisamehe.

Februari 2023 tumbo lilifunga kabisa, hospitali wakakuta saratani ya utumbo mpana imeshafika kwenye ini, daktari akatueleza kwamba mara nyingi huanza na kinyama kidogo kisichouma, ambacho kikionekana mapema hutolewa. Kaka akanishika mkono, akasema, "Nenda kapimwe, haya nimeshaona mimi kwa niaba yenu." Nikapimwa, wakakuta kinyama, wakakitoa, na nilipomweleza akaniuliza kama walishona kwa mkono au kwa mashine.

Alifariki tarehe 19 Novemba 2023, alfajiri, shemeji akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na viti, wanakwaya, na mafundi wenzetu mliofunga vyumba vyenu leo. Watoto wake wawili wameshapimwa, kifungua mimba bado, anasema hajisikii vibaya, nami namwambia mbele yenu, mwanangu, baba yako naye alisema hivyohivyo.

Suruali aliyovaa leo nimeifumua, nikairudishia upana wake wa zamani. Kaka Pindo, pumzika kwa amani.