Aliyepima Grisi Miezi Saba

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona nguo, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yake. Inasemekana siku hiyo alilia sana. Baada ya hapo, kama mnavyomjua, waliolia ni wengine.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974 na sekondari mwaka 1980, msichana pekee kwenye darasa la fizikia. Mwalimu alimwonya, "Binti, njia hii ina miba." Akajibu, "Basi nitavaa viatu, mwalimu." Udaktari wa fizikia aliupata mwaka 1993.

Tarehe 14 Desemba 1991 aliolewa na fundi majokofu aliyeitwa chuoni kutengeneza pampu ya maabara. Mumewe anasema alimbembeleza mwezi mzima na jibu likawa lilelile: "Shika hii spana."

Kazi yake ilikuwa kuotesha fuwele. Tanuri linapozwa digrii mbili kwa saa, wiki tatu, na ole wako uguse mlango. Fuwele zenyewe ni nusumetali: umeme zinapitisha, lakini kwa shingo upande. Njia za elektroni humo zimefungwa kama fundo. Vuta uzi utakavyo, halifunguki. Bosi wake, Profesa, ambaye leo amekaa pale mstari wa mbele bila kualikwa, alipiga hesabu kana kwamba kila elektroni ina lake, nyepesi, mbio kama imechelewa harusi. Mwaka 2014 Shangazi akapima jinsi fuwele zinavyobeba joto kwenye baridi kali. Akakuta elektroni zinabanana, zinasukumana, zinajikokota kama zimebeba magunia, na fundo bado lipo! Hesabu za Profesa, kwisha habari.

"Hiyo ni grisi uliyogandishia fuwele kwenye kipimo, dada," Profesa akamwambia mbele ya maabara nzima. "Umetupimia joto la grisi." Watu wakacheka. Shangazi akaitoa fuwele, akapima grisi tupu. Miezi saba. Nyumbani akaitwa Mama Grisi, na akawa anaitika. Grisi ikaonekana haina hatia. Profesa akasoma majibu, na mwaka 2016 akayachapisha kwa jina lake peke yake. Mwizi wa kuku angalau hunyata.

Aprili 2022 figo zilianza kumsumbua. Wiki mbili kabla Shangazi hajafariki, Profesa alikuja wodini na maua, na chini ya maua karatasi ya kusaini, kwamba Shangazi alikuwa "msaidizi wa vipimo" na hana dai lolote. Shangazi akaomba kalamu nyekundu. Akaisahihisha kama daftari la mtoto, chini akaandika: "Sifuri. Rudia."

"Mgonjwa hajielewi," Profesa akamwambia binti wa Shangazi.

"Anajielewa, mzee. Aliyefeli ni wewe."

Shangazi alifariki tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, kaka mmoja, wajukuu wanne, na madaftari thelathini na moja ya vipimo, kila ukurasa una tarehe na sahihi yake. Jana Profesa aliomba aandikwe humu kwenye wasifu wa marehemu kama "mlezi wake kitaaluma". Kikao cha familia kilichukua dakika moja, nusu yake ikiwa kicheko. Nakala za madaftari yote zimeshafika kwa wahariri wa jarida lililomchapisha Profesa, nao wamejibu kwamba wanayasoma.

Shangazi apumzike kwa amani. Kukosa usingizi tunamwachia Profesa.