Radoslav Tsonkov na Kazi ya Watu Wawili

Marehemu Radoslav Tsonkov alizaliwa hapa Sevlievo, Bulgaria, tarehe 14 Februari 1951, sikukuu ya kupogoa mizabibu, ambapo kila nyumba hunywa divai, hivyo mkunga alifika akiwa amekwisha kuonja divai. Alisomea useremala katika shule ya ufundi ya hapa mjini, akahitimu mwaka 1969.

Alifanya kazi katika kiwanda cha samani hadi mwaka 1982, alipofungua karakana yake ya magitaa ya umeme. Vinasa sauti, yaani sumaku zinazokaa chini ya nyuzi, alivyovitaka ni vya koili mbili tu, kwa sababu havivumi. Gitaa la mbao zenye sauti kali alilichagulia kinasa kipole, la mbao zenye sauti ya upole akalipa chenye nguvu. Lakini mahali pa kukiweka hakupatafuta kwa rula. Alikuwa na gitaa la majaribio lenye mfereji mrefu chini ya nyuzi: mmoja hupiga, mwenzake husogeza kinasa kati ya daraja linaloshikilia nyuzi na shingo mpaka sauti ikubali.

Aliyempigia alikuwa Snezhana, mpigaji gitaa wa bendi ya hoteli, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 5 Juni 1976. Radoslav aking'ang'ania darajani, mkewe alimwambia, "Baba Ognyan, hapo linalia kama mbu. Rudi shingoni kidogo, tupate nyama."

Snezhana alifariki mwaka 2014. Mtoto wao wa pekee, Ognyan, alikuwa akiishi Turin, Italia, na gitaa hakuwahi kujifunza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Radoslav akaanza kutumia rula. Wateja waliridhika, yeye hakuridhika. Alikuwa mpweke sana, na supu ya maharage aliendelea kuipika ya watu wawili.

Machi 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Ognyan alirudi Oktoba, akakuta gitaa moja halijatobolewa tundu la kinasa. Mzee akaomba lile la majaribio liletwe kitandani.

"Baba, mimi sijui kupiga."

"Piga nyuzi wazi tu, mwanangu. Kusikiliza niachie mimi."

Ognyan akapiga, vibaya. Baba yake akasogeza kinasa kwa kidole, akarudisha, akasogeza tena, kisha akafumba macho.

"Hapo," akasema. "Endelea kupiga."

Ognyan hakusikia tofauti yoyote, lakini aliendelea mpaka mzee akalala. Radoslav alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023.

Ameacha mtoto mmoja, Ognyan, na dada mmoja, Pavlina, anayewasomea haya. Apumzike sasa, na huko asiwe peke yake.